Kalamu Isiyo na Wino

Tarehe 4 Machi

Mwanangu Chiriku,

Salamu nyingi sana. Anayeandika ni Mama Cherehani, jirani yangu wa ukuta mmoja. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwambia aandike kila kitu asipunguze hata kikohozi, maana barua ile ya mwaka jana alinikata maneno, eti karatasi imeisha. Karatasi imeisha na nyuma ni nyeupe! Sasa anacheka. Andika kwamba unacheka.

Simu usinipigie. Sikio la kushoto lilishakufa, na hili la kulia likisikia simu ni kama mbu amefungiwa kwenye chupa. Barua nasomewa, nikitaka nasomewa tena.

Nina shida moja ndogo, wala si shida, ni starehe tu. Unajua mama yako miaka thelathini na moja nimekaa kile kichumba cha nyuma ya studio nikisafisha picha za watu. Chunusi nimetoa mimi, makovu nimetoa mimi, maharusi waliosinzia nimewafumbua macho kwa ncha ya penseli. Mzee wa studio alipofunga akaniachia kompyuta yake na ile mashine ya kunakili picha. Kusoma sijui, lakini ile programu ya picha naijua kwa sura: kibrashi ni kibrashi, muhuri unapiga kopi ya kilicho pembeni, plasta inaziba doa. Nakaa nayo asubuhi, chai yangu hapa, nasafisha picha za zamani. Za kwetu, za jirani, basi siku inakwenda.

Sasa kipanya ndicho kinanitesa. Mwanangu, kugusa uso wa mtu kwa kipanya ni kama kupaka wanja kwa kipande cha sabuni. Kinateleza, kinaruka, kinakwenda kisikotumwa. Mama Cherehani anasema kuna kibao unachomeka kwenye kompyuta, kina kalamu yake, unachora juu yake na mstari unatokea kwenye kioo. Kalamu! Mimi ukinipa kalamu hunidai tena kitu.

Nitafutie, kisiwe cha bei ya kutisha, si cha kazi, ni cha kupitishia wakati. Lakini nitafutie upesi. Usiseme mwezi ujao. Upesi.

Na wewe unaendeleaje? Unakula? Barabara unavuka vizuri? Jumanne ile ya mwisho ya Februari uliamkaje? Nauliza tu. Niandikie kwa mkono wako mwenyewe, Mama Cherehani anioneshe mwandiko, nijue ni wewe.

Mama yako
(kidole gumba chake hiki hapa)

*

Tarehe 11 Machi

Mama, shikamoo.

Barua yako nimeisoma huku nacheka peke yangu kwenye meza ya kazi, mpaka Fundi Lebo akauliza nimeokota nini. Fundi Lebo ndiye anayetuchorea lebo hapa kiwandani, zile za chupa na mifuko, na anatumia kibao kama hicho kutwa nzima. Nikamwambia mama yangu anataka kibao cha kuchorea. Akasema, "Mama yako? Bibi wa umri huo?" Nikamwambia huyo bibi akikutazama usoni anajua chunusi yako ya mwaka jana ilikuwa wapi.

Vibao viko vya namna mbili. Kuna chenye skrini, unachora juu ya picha yenyewe, na kuna kisicho na skrini, mkono uko chini mezani na macho yako juu kwenye kompyuta. Chenye skrini bei yake inakimbiza watu. Kisicho na skrini ni nafuu, ila wengi kinawachanganya wiki za mwanzo, mkono huku, macho kule. Hebu niambie ungeweza? Na unijibu na haya: meza yako ina nafasi kiasi gani? Kompyuta ni ileile ya studio au umeibadilisha? Na bado unatumia mkono wa kushoto kwa kila kitu, au uzee umekuhamisha?

Upesi wa nini lakini, Mama? Hizo picha zimekaa miaka arobaini, zitasubiri wiki mbili.

Mimi mzima. Kazi nyingi tu. Jumanne ile niliamka kama kawaida. Kwa nini umeuliza Jumanne?

Mwanao,
Chiriku

*

Tarehe 16 Machi

Chiriku wangu,

Marahaba. Mwandiko nimeuona. Mama Cherehani ameniwekea barua mezani nikaipapasa kwa kidole mstari kwa mstari. Herufi zako siku zote zilikuwa zimelala upande, hizi zimesimama. Mkono umekaza kwa nini? Au kalamu mbovu? Sawa, nimeuliza tu.

Nakujibu. Meza ni ileile ya kukunjia nguo, nusu yake kompyuta, nusu yake vitambaa vya huyu Mama Cherehani, ambavyo ataviondoa. Ananitazama. Utaviondoa! Kompyuta ni ileile, nzee kama mimi, na kama mimi inachelewa kuamka lakini ikiamka haizimi. Mkono ni wa kushoto na nitazikwa nao wa kushoto.

Hilo la mkono huku macho kule, mwambie Fundi Lebo asinitishe. Kule studio jicho liko kwenye lenzi ya kukuzia, mkono uko chini umeshika penseli, hauuoni kabisa, na kinachoguswa ni shavu la mtu dogo kama punje ya mchele. Miaka thelathini na moja. Kisicho na skrini ndicho changu.

Umeniuliza upesi wa nini. Ngoja nikuhadithie kitu. Kuna mama mmoja alikuja studio na picha ya harusi yake, anataka mume atolewe. Mume hajafa, yupo mzima, kahamia kwa mwingine tu. "Mtoe," akasema, "hapo muweke hata jagi la maua." Tukacheka wote, mimi, yeye na mzee wa studio. Nikamtoa. Siku mbili nimekwangua kwa wembe na kujaza kwa brashi, taratibu, nikaanza na viatu nikaishia na kofia. Jagi likakaa vizuri, huwezi kujua. Ijumaa yule mama akaja kuchukua picha, macho yamemvimba. Mume alikuwa anaezeka paa Alhamisi, akaanguka. Mzee wa studio akaniambia, "Paa ndilo limemwangusha, siyo brashi yako." Labda. Lakini kofia yake niliimaliza Alhamisi, saa nne asubuhi, na saa nne hiyo hiyo ndiyo aliyoanguka.

Tangu hapo kovu natoa, mtu simtoi. Mtu aliye hai simgusi. Mzee alinibembeleza, wateja walinibembeleza, simgusi.

Sasa basi. Nimekuhadithia tu, maneno ya mzee huwa mengi. Nunua kibao. Usipande ngazi. Usipite chini ya ngazi.

Mama yako
(kidole gumba)

(Chiriku, hapa ni mimi Mama Cherehani. Anadhani naandika anwani kwenye bahasha. Nisamehe, siwezi kukaa na hili peke yangu.

Ile picha ya sebuleni, ya siku uliyomaliza shule, wewe umesimama katikati ya marehemu baba yako na yeye, ilikuwa imegandia kwenye kioo cha fremu kwa unyevu. Akainakili kwenye mashine na kioo chake, halafu akajaribu kuibandua. Uso wako ukabaki kwenye kioo, ukapukutika kama rangi ya ukutani. Hakujali sana, maana kopi iko kwenye kompyuta. Akaanza kusafisha kopi ile kwa plasta, kuna madoa ya ukungu shavuni. Kipanya kikamvuta ukuta wa nyuma akauweka usoni, akisafisha huku unavutika zaidi huku. Akasema aah, nitaanza upya kesho. Studio walikuwa hivyo, negativu ipo ndani ya boksi, ukiharibu unaanza upya. Alipofunga, kompyuta ikamuuliza neno. Yeye hajui kusoma, akabonyeza la buluu, la kuhifadhi, kama siku zote. Mimi nilikuwa ng'ambo ya ukuta napiga cherehani.

Ilikuwa Jumanne ya mwisho ya Februari. Umesimama pale, kola ya shati ipo, shingo ipo, na juu yake ukuta tu.

Nimemwambia tukuombe picha nyingine tukate uso tubandike. Hataki kusikia. Anasema mkono wake ndio uliokutoa, ndio utakaokurudisha. Amefunika kompyuta kwa kitambaa cha meza na akipita mbele yake anapita upandeupande. Hali vizuri. Mpelekee hicho kibao.)

*

Tarehe 29 Machi

Mama, shikamoo.

Samahani nimechelewa. Nilikuwa na pilikapilika.

Kibao hicho ndani ya kifurushi. Nimekizungukia maduka matatu, Fundi Lebo nyuma yangu kama mshenga. Kimoja kilikuwa kimetumika, bei nzuri sana, lakini tulipokiinamisha kwenye mwanga tukaona katikati pamelika mpaka panang'aa, na ncha ya kalamu imekuwa bapa. Tukakiacha. Kingine kilijaa namba kwenye boksi, eti kinahisi ngazi elfu nane za mkono, ukigusa kidogo mstari mwembamba, ukikandamiza unanenepa. Fundi Lebo akasema ukishavuka elfu mbili mkono wa binadamu haujui tofauti, hizo nyingine ni namba za kuuzia.

Hiki nilichochukua si cha jina kubwa, ila kina unachohitaji. Ukubwa wa daftari la shule, kitaenea kwenye nusu yako ya meza. Kalamu haina betri wala haichajiwi, unaichukua tu unachora. Ndani ya boksi kuna ncha kumi za akiba na kikoleo cha kutolea ya zamani. Kinageuzwa vitufe vikae kulia, kwa hiyo mkono wa kushoto utakuwa huru. Nimeuliza mara mbili kama kinakubali kompyuta nzee, kinakubali. Programu yake iko kwenye flashi, Mama Cherehani afuate karatasi niliyomwandikia.

Mama, hadithi ya yule mwezekaji wa paa ni ya zamani. Kibao ni cha starehe. Starehe nayo basi.

Mwanao,
Chiriku

(Karatasi hii imekunjwa peke yake. MAMA CHEREHANI, USIMSOMEE.

Dada yangu, asante kwa kuniambia. Mimi siamini mambo ya picha, nafanya kazi kiwandani, naona mashine zikitoa nyuso elfu kwa saa na hakuna anayekufa. Lakini lazima nikuambie wewe, kwa sababu nimekosa wa kumwambia. Nina kivimbe chini ya sikio la kulia, kwenye tezi ya mate. Nimekificha kwa mtandio tangu mwaka jana. Nilipokuja Desemba mliniuliza kwa nini sivui mtandio na joto lile, nikasema mafua.

Majibu ya kipimo cha kwanza nilipewa Jumanne ya mwisho ya Februari. Saa nne asubuhi nilikuwa nimekaa kwenye benchi nikisubiri kuitwa.

Usiniulize maana yake. Nimekunja barua yako nikaitia mfukoni, nimeitoa, nimeirudisha.

Wataipasua tarehe 22 Aprili. Mshipa unaoendesha uso unapita katikati ya hiyo tezi. Daktari amesema wakiugusa vibaya nusu ya uso inalala. Na kabla ya kulala kwenyewe kuna usingizi wao, ambao si kila mtu anaamka. Hilo hakulisema, ila karatasi ya kutia sahihi inalisema.

Asijue. Akijua sasa, na ile picha ilivyo, atakufa kabla yangu. Nikipona nitamwambia mwenyewe.)

*

Tarehe 9 Aprili

Chiriku,

Kibao kimefika salama. Mama Cherehani alipambana na ile flashi kutwa nzima, ametukana kimoyomoyo nimemwona midomo, na sasa kimekubali.

Siku ya kwanza nilichora yai. Yai tu, nikalitia kivuli. Kalamu haina wino lakini inaacha wino, haina uzito lakini inajua uzito wangu. Nilikaa nikalia kidogo, usinicheke, maana nilidhani mkono umeshakufa, kumbe ulikuwa umenyang'anywa kazi. Macho juu, mkono chini, vilevile kama kwenye lenzi. Waambie hao wanaochanganyikiwa waje niwafundishe.

Sasa nikuambie nilichokuficha, na usimgombeze Mama Cherehani, yeye nilimkataza.

Nimekufuta, mwanangu. Kwenye ile picha ya sebuleni. Sikutaka, nilikuwa nakusafisha madoa, nikauleta ukuta usoni mwako na kompyuta ikauweka moja kwa moja. Wiki sita naishi na wewe huna kichwa. Ndiyo maana nilikuuliza Jumanne. Ndiyo maana nikakuambia usipande ngazi. Kibao si cha starehe. Nilisema starehe kwa sababu nikisema kingine mdomo wangu utakuwa umekubali.

Juzi nikakunja kitambaa cha meza nilichoifunikia kompyuta, nikakaa. Nikaanza na paji la uso, maana paji halisemi uongo. Nyusi. Pua yako ya baba yako. Mdomo ulinichukua asubuhi nzima, huo mdomo haujawahi kutulia tangu ulipozaliwa, ndiyo maana nikakuita Chiriku. Ukatulia kwenye kioo, ukanitazama. Nikasema haya, amerudi.

Halafu nikashuka kwenye taya, upande wa kulia. Mkono ukaweka kitu pale. Chini ya sikio, mviringo, kama ndani kumewekwa kokwa. Nikasema mkono wa kizee huu umetetemeka, nikafuta. Nikachora taya tena. Kikarudi. Nikafuta. Nikanywa maji, nikatembea mpaka mlangoni nikarudi, nikachora kwa pumzi moja bila kufikiri, kama nilivyokuwa nafanya wateja wakisubiri. Kikarudi palepale, safari hii na kivuli chake kabisa, mwanga umekipiga kwa juu.

Mwanangu, mkono huu hauongezi kitu. Kazi yake yote ilikuwa kupunguza. Kama umeweka, umekiona. Nimekaa nimejiuliza mkono umekiona wapi. Desemba, mezani, wewe ulipoinama kuokota kijiko mtandio ukasogea, ukaurudisha haraka. Mimi nilikuwa namwaga chai. Sikusema kitu kwa sababu sikujua kama nimeona. Mkono ulijua.

Na mtandio wenyewe. Mafua gani ya kufunga shingo na joto lile?

Nijibu swali moja, sitaki mengine, wala habari za kiwandani sitaki. Kuna nini chini ya sikio lako?

Mama yako
(kidole gumba)

(Chiriku, sijamwambia neno. Naapa kwa watoto wangu. Aliponiita kutazama kioo nilishika ukuta. Aliniona. Tangu hapo haniongeleshi, ananiamrisha kuandika tu.)

*

Tarehe 14 Aprili

Mama,

Kuna kivimbe. Watakipasua tarehe 22. Ni kwenye tezi, na mshipa wa uso unapita humo. Wamesema wana matumaini, na wamesema wakishakitoa watakipeleka maabara wajue ni kitu gani hasa. Nilimwomba Mama Cherehani anifichie. Kosa ni langu, mwongeleshe.

Naogopa, Mama. Nimekuwa mtu mzima miaka mingi na sijaogopa hivi. Mchana niko sawa, nahesabu mabunda ya lebo, natania watu. Nikinawa uso ndipo vidole vinapokigusa, na kila nikikigusa naona kama kimekua tangu asubuhi. Nimeacha kujitazama. Kioo cha bafuni nimekibandika gazeti. Umefunika kompyuta na mimi nimefunika kioo, na hatukuambizana.

Sikuwa naamini habari ya yule mume na jagi la maua. Sasa nimelala nayo kitandani. Najua ni upuuzi. Najua paa ndilo lililomwangusha. Lakini saa nne, Mama. Jumanne ile, saa nne, mimi nilikuwa kwenye benchi la hospitali nikisubiri majibu ya kipimo.

Nakuomba kitu kimoja. Nimalizie uso, lakini bila hicho kitu. Taya safi kama siku niliyomaliza shule. Ukishamaliza, Mama Cherehani aitoe kwenye karatasi anitumie iwahi kabla ya tarehe 22, niingie nayo. Nataka kama wakiniharibu, au nisipoamka, iwepo moja nzima.

Tafadhali, Mama. Wewe umewatolea watu wengi.

Mwanao,
Chiriku

*

Tarehe 18 Aprili

Chiriku wangu,

Barua yako imesomwa mara moja tu. Mara ya pili nilimzuia. Mama Cherehani nimemwongelesha, tumegombana kwanza, amelia, nimelia, amenipikia uji mbaya, tumepatana. Leo tunaandika pande zote mbili za karatasi.

Nimejaribu kuja. Nilifunga begi. Daktari wa presha akanitazama miguu ilivyojaa maji akasema bibi, safari ya siku nzima umekaa, hufiki. Nikamwambia nitasimama. Hakucheka. Kwa hiyo nipo hapa, na mimi ndiye niliyezoea kukaa nyuma kwenye kichumba wakati watu wako mbele kwenye taa. Lakini sijawahi kukichukia kichumba kama sasa.

Ulichoniomba sikifanyi.

Ngoja, usikunje barua. Picha nimeimaliza. Uso upo wote, na kitu kile kipo, na kitakaa. Siyo kwamba nakipenda. Nilishika kalamu jana kukitoa kama ulivyosema, nikaanza pembeni mwake, na baada ya miguso miwili shavu likaanza kwenda nacho. Sikio likaanza kwenda. Nikaona ukuta unakuja tena. Nikatupa kalamu mpaka chini ya cherehani. Mama Cherehani ndiye aliyeniongoza nibonyeze pa kurudisha nyuma, akanisomea neno kwa neno, na hatukubonyeza la buluu mpaka tumeuliza mara tatu. Kukitoa ni kazi ya daktari, ana kisu chake na amesomea. Mimi nikikitoa mahali ambapo kipo, nitakuwa nimekutoa wewe tena. Mtu aliye hai simgusi.

Na picha sikutumii.

Wewe umelelewa chini ya meza ya studio, unajua utaratibu. Picha ikishakuwa tayari inaingia kwenye bahasha, bahasha inaingia kwenye droo, na inamsubiri mwenyewe. Hatukuwahi kumpelekea mtu picha nyumbani, hata mkubwa wa nani. Na haikutupwa hata moja. Kuna walioacha miaka kumi na mbili, wakaja, wakaikuta, imepauka kidogo tu. Mzee wa studio alikuwa anasema kama picha ya mtu iko drooni, basi yuko njiani. Alikuwa anasema kwa ajili ya biashara, lakini mimi nilimwamini.

Kitabu cha vikaratasi vya kuchukulia picha ninacho, kile cha mwisho cha studio. Kilibaki na karatasi tatu. Nimekata moja. Namba yake, Mama Cherehani ananisomea, ni 4418. Shina limebaki kwangu, limebandikwa kwenye bahasha, na picha Mama Cherehani ameitoa kwenye karatasi, imo ndani. Kipande chako ndicho hiki ndani ya barua. Ukikipoteza picha hupati, hata uwe mwanangu. Usimpe mtu akuchukulie. Uje mwenyewe, na miguu yako.

Mengine siyawezi. Naogopa, mwanangu. Nimekuambia ili usidhani unaogopa peke yako huko. Tangu juzi kila kitu kinachodondoka nashtuka, kijiko, kifuniko, na huyu Mama Cherehani na mkasi wake. Tarehe 22 nitakaa mbele ya kompyuta wazi, bila kitambaa, tangu asubuhi. Nitakutazama tu. Mikono nitaikalia ili isiguse kitu.

Mama yako
(kidole gumba, kimechafuka kidogo, ni chozi, usijali)

*

Tarehe 30 Aprili

Chiriku,

Siku nane. Hakuna barua. Mama Cherehani amepiga simu yako, inaita haipokelewi. Amepiga kiwandani, wakamwambia Fundi Lebo hayupo, amekwenda hospitali. Kumtazama nani? Hawajui.

Kompyuta iko wazi. Sijaizima tangu tarehe 22, imekuwa ya moto kama tumbo la paka. Nachungulia uso kila mara kama bado upo. Upo. Leo asubuhi niliona kama jicho la kulia limefifia. Mama Cherehani anasema ni vumbi. Akapangusa kioo. Anasema ni vumbi lilikuwa.

Sina la kusema zaidi, na wewe unajua mimi sikuwahi kukosa la kusema.

Bahasha ipo drooni.

Mama yako
(kidole gumba)

*

Tarehe 2 Mei

Mama,

Shikamoo. Mwandiko huu si wangu, ni wa Fundi Lebo. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwambia asipunguze, ila maneno yangu mwenyewe ni machache, mdomo unafunguka upande mmoja tu na yanatoka yamelowa. Usiogope huu mwandiko. Ni mimi.

Nilichelewa kuamka. Damu ilipungua mezani wakanirudisha tena ndani mara ya pili. Siku nne sizijui zilikwenda wapi. Kimetoka. Kipo maabara, majibu ni wiki ijayo, na nayaogopa kuliko kisu.

Walipokuwa wananiandaa nesi alisema nivue kila kitu, hereni, pete, pini ya nywele. Akaona ngumi nimeifunga. Akaifungua akakuta kikaratasi. Akauliza ni cha nini. Nikamwambia kuna picha yangu inanisubiri, nisipokuwa nacho sipewi. Akanitazama, akakibandika kwa plasta chini ya mkono. Nilipoamka ndicho kitu cha kwanza nilichotafuta, kabla sijajua hata jina langu.

Nusu ya kulia imelala. Jicho halifumbiki, wanalitia dawa na kulifunika. Wanasema mshipa haukukatwa, umepigwa na mshtuko tu, unaweza kuamka baada ya miezi, unaweza usiamke. Kila mtu hapa ananitazama kisha anatazama ukuta.

Sijajitazama. Kuna kioo juu ya karai la kunawia na napita mbele yake upandeupande.

Wakiniruhusu nitakuja moja kwa moja kwako, kabla ya nyumbani kwangu. Fundi Lebo atanisindikiza mpaka mlangoni. Toa bahasha kwanza nione nilivyokuwa. Halafu washa kile kibao, badilisha ncha ya kalamu uweke mpya, unikalishe pale penye mwanga wa dirisha unichore nilivyo sasa. Kwako ndipo nitakapojiona. Usitoe kitu.

Namba 4418.

Mwenyewe
(sahihi yangu hii, imepinda, nimeiweka kwa mkono wangu)